Nimesevu, lakini silioni: kutafuta slaidi zilizojificha kwenye programu usiyoizoea

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa bado haijaachia vidole, mama mmoja afisa ugani kutoka upande wa Rungwe aliingia steshenari kwangu na flashi mkononi. Saa nne alitakiwa asimame mbele ya wakulima wa parachichi na slaidi zake, na saa mbili na nusu ilikuwa imeshapita. "Mwanangu," akaniambia, "hebu nifungulie nione kama iko sawa. Usiku nimetengenezea kwenye laptopu ya kijana wangu, na programu yake mimi siijui."

Nikachomeka. Ndani ya flashi kulikuwa na kitu kimoja tu, jina zuri kabisa: Parachichi mavuno. Nikabofya mara mbili. Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa kimehamishwa au hakipo. Nikaangalia ukubwa wake, KB 2. Picha moja tu ya parachichi iliyopigwa kwa simu inazidi hapo mara mia na ushee. Kwenye kona ya ikoni palikuwa na kishale kidogo kilichopinda. Basi nikajua: alichonakili usiku ule ni njia ya mkato, kile kibao kinachosema "faili liko kule". Slaidi zenyewe zilikuwa zimelala Tukuyu, kwenye laptopu ya kijana.

Tulimpigia kijana, akafungua laptopu, akazituma kwa WhatsApp. Zikafika, na bado zikatusumbua, kwa sababu nyingine kabisa ambayo nitaieleza huko mbele. Mama aliondoka kwangu saa nne kasoro dakika tano, anakimbilia bajaji.

Nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka ya kutosha kujua kwamba faili likisemwa limepotea, mara nyingi lipo. Kuhifadhi faili ni kujibu maswali matatu kwa mkupuo: likae wapi, liitwe nani, liwe la aina gani. Programu uliyoizoea ulishaijibu siku nyingi, ndiyo maana unabonyeza Ctrl na S huku unapiga soga. Programu ngeni inajijibu yenyewe kwa mazoea yake, haikuulizi, na wewe unaondoka ukiamini imejibu kama ile ya nyumbani. Kwa hiyo dalili zote ninazozipitia hapa chini zinarudi kwenye moja ya maswali hayo. Nitazungumzia zaidi programu nne za kutengeneza slaidi, yaani PowerPoint, Impress ya LibreOffice, WPS na Google Slides, maana hizo ndizo zinazoingia mlangoni kwangu.

Kabla ya yote: dirisha likiwa bado wazi, usilifunge

Watu wengi wakiona faili halipo kwenye folda, jambo la kwanza wanafunga programu "ili ianze upya". Unakuwa umemfukuza shahidi pekee aliyekuwa anajua. Programu iliyo wazi inajua faili lake liko wapi, iulize.

Kwenye PowerPoint bofya "File" kisha "Info". Chini ya jina la slaidi zako pameandikwa folda lilimo faili, na kuna kitufe cha kukufungulia folda hiyo moja kwa moja. Kwenye Impress nenda "File", kisha "Properties", ukurasa wa "General". Tafuta mstari wa "Location". Kwenye WPS bonyeza F12, dirisha la kuhifadhi upya litafunguka likiwa limesimama kwenye folda ya sasa. Isome, halafu ghairi. Google Slides ina alama ya folda ndogo pembeni ya jina la faili, juu kabisa. Ibofye ikuonyeshe faili limekaa wapi kwenye Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni.

Kama hapo kwenye maelezo hapana njia yoyote, na jina la juu bado ni "Untitled" au "Presentation1", tatizo lako ni jepesi: hukuwahi kuhifadhi. Hifadhi sasa, tuendelee.

"Nimesevu, nikafungua Documents, hamna kitu"

Hili ndilo linaloniletea wateja wengi kuliko yote, na lina sababu zisizopungua tatu.

Ya kwanza ni kuwa na Documents mbili. PowerPoint za miaka hii, ukibonyeza Ctrl na S kwa mara ya kwanza, hazikuletei lile dirisha kubwa la zamani lenye folda zote. Zinakuletea kijidirisha chenye jina na mahali, na ukiwa umeingia kwa akaunti ya Microsoft, mahali hapo mara nyingi pameshajazwa OneDrive, hifadhi ya Microsoft ya mtandaoni. Unabonyeza "Save", unaridhika. Juu ya hapo, OneDrive ikiwashiwa kazi ya kuhifadhi nakala za folda zako, Documents na Desktop zinahamia ndani ya folda ya OneDrive, wakati ile Documents ya zamani inaweza kubaki palepale chini ya jina lako la mtumiaji. Zinafanana jina, moja ina faili, nyingine tupu, na wewe umefungua ile tupu. Angalia mstari wa anwani juu ya folda: ukiona neno OneDrive katikati, hiyo ni moja, usipoliona, ni nyingine.

Ukitaka kukwepa kijidirisha hicho, bonyeza F12 badala ya Ctrl na S. Inakuletea dirisha kamili, unachagua folda kwa macho yako. Na kama kompyuta ni yako na bando lako ni la kuungaunga, ingia "File", "Options", "Save", uweke alama kwenye "Save to Computer by default", halafu chini yake andika folda unayoitaka. Mimi huweka hivyo kwenye kila kompyuta ya hapa kazini, kwa sababu mteja anayelipia kuchapa kurasa kumi hatakiwi kusubiri faili lipande mawinguni kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba programu haianzii ulipodhani. Kaka mmoja anatengeneza slaidi kwenye laptopu ya rafiki yake. Rafiki alikuwa ametoka kufungua faili kutoka kwenye folda yake ya picha za harusi. Dirisha la kuhifadhi likafunguka palepale. Kaka akaandika jina, akabonyeza "Save", akaenda kula. Slaidi za mada yake ya uhandisi ziko katikati ya picha za keki. Programu nyingi hurudi kwenye folda ya mwisho kutumika, na kwenye kompyuta ya kuazima, aliyeitumia mwisho si wewe. Dawa ni kutazama juu ya dirisha kabla ya kuandika jina. Sekunde mbili.

Kwenye Impress unaweza kuipangia folda ya kuanzia: "Tools", "Options", fungua kifungu cha LibreOffice, kisha "Paths", chagua mstari wa "My Documents" na uhariri.

Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: faili ulilifungua kutoka mahali ambapo si pa kukaa. Mwanafunzi anapokea slaidi za kundi lao kama kiambatisho kwenye barua pepe, anazifungua humohumo bila kuzipakua, anaongeza slaidi sita, anabonyeza Ctrl na S, anafunga. Programu ya barua pepe ilikuwa imeliweka faili kwenye folda ya muda, iliyofichwa ndani sana ya Windows, na marekebisho yote yameandikwa huko. Akirudi kwenye barua pepe anakuta slaidi za zamani. Ni hivyohivyo kwa faili la zip, lile linalobana mafaili pamoja: ukilifungua bila kulitoa kwanza, unachokiona ni nakala ya muda. Kwa hiyo kiambatisho kipakue, zip itoe kwa "Extract All", ndipo ufungue. Na PowerPoint ikikuonyesha ule mstari wa njano juu wenye "Enable Editing", uchukulie kama kengele: faili hili limetoka nje, hebu jiulize limekaa wapi kabla hujaanza kulihariri.

Sasa umeshafunga, huna shahidi, utalipataje? Fungua programu ileile uliyotumia, usibadilishe, kisha "File" na orodha ya mafaili ya karibuni: "Recent" kwenye PowerPoint, "Recent Documents" kwenye Impress. Ukilifungua kutoka hapo, fanya kama nilivyosema juu, liulize liko wapi, halafu lihifadhi upya panapoeleweka.

Orodha ikiwa haina kitu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na E, chagua kompyuta nzima upande wa kushoto, na kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia andika *.pptx kama ni PowerPoint au WPS, au *.odp kama ni Impress. Acha itafute, inaweza kuchukua muda wa kunywa chai. Kisha panga matokeo kwa tarehe ya kubadilishwa, la karibuni juu. Usitafute kwa jina. Nimeona mtu akitafuta "Utafiti wa viazi" nusu saa nzima wakati faili liliitwa "Slide 1", kwa sababu programu ilichukua maneno ya kwanza iliyoyakuta.

"Liko kwenye flashi, lakini kwingine halifunguki"

Anza na ukubwa. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties". KB 1 au 2 na kishale kwenye ikoni: ni njia ya mkato, kama ya yule mama. Inatokea hasa mtu anaponakili ikoni kutoka kwenye desktopu au kutoka kwenye orodha, bila kuingia kwenye folda yenyewe. Kwenye kompyuta ilikotoka inafunguka vizuri tu, ndiyo maana inadanganya. Rudi kwenye kompyuta hiyo, bofya njia ya mkato kwa kulia, chagua "Open file location", itakupeleka kwa faili halisi. Hilo ndilo unakili.

Google Slides ina udanganyifu unaofanana. Ukiwa umeweka Drive kwenye kompyuta, utaona mafaili yanayoishia na .gslides. Hayana slaidi ndani, ni anwani tu. Ukinakili kwenye flashi na kupanda basi kwenda Njombe, ukifika una anwani, na kama ukumbi hauna intaneti huna kitu. Ingia kwenye Slides, "File", "Download", chagua Microsoft PowerPoint, ndipo unapata faili la kubeba.

Ukubwa ukiwa wa KB 0, hapo ni flashi iliyochomolewa kabla ya kumaliza kuandika. Jina limefika, mzigo haujafika. Watu wanacheka nikiwaambia wabofye ile alama ya kutoa flashi kwa usalama, eti mambo ya kizamani. Wacheke. Kuna mwalimu kutoka upande wa Makambako aliwahi kurudi kwangu mara mbili kwa siku moja kwa sababu hiyo, na nauli ni ile ile.

Kama ndani ya flashi mafolda yote yamegeuka njia za mkato kwa pamoja, usizibofye. Hicho ni kirusi cha flashi, kimeyaficha mafaili yako halisi na kuweka vibao vya uongo. Mafaili yapo. Safisha flashi kwa programu ya kuzuia virusi, kisha fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye utafutaji wa Windows, na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Bonyeza Enter, subiri, fungua flashi tena. Futa vibao, bakiza vyako.

"Limefunguka, lakini slaidi zimevurugika"

Hapa ndipo tulipokwama na yule mama kwa mara ya pili. Laptopu ya kijana wake ilikuwa na Impress, na Impress, usipoiambia vinginevyo, inahifadhi kwa aina yake ya .odp. PowerPoint inafungua .odp, tena kwa miaka mingi sasa, lakini inatafsiri, na tafsiri inapoteza vitu: vichwa vya habari vilishuka vikakalia picha, na mishale ya mchoro wa mnyororo wa soko ikaelekea isikotakiwa.

Kosa ambalo vijana wanalifanya, na wanalifanya kwa kujiamini kabisa, ni kubadilisha jina: wanafuta .odp wanaandika .pptx. Hiyo ni sawa na kuandika "unga wa mahindi" kwenye mfuko wa mpunga. PowerPoint inafungua mfuko, inakuta mpunga, inaanza kulalamika kwamba faili limeharibika na inataka kulikarabati. Rudisha jina kama lilivyokuwa.

Njia ya kweli ni kulifungua faili kwenye Impress, kubonyeza Ctrl, Shift na S pamoja, na kwenye orodha ya aina ya faili kuchagua PowerPoint yenye .pptx. Impress itakuuliza kama unataka kubaki na aina hiyo au kutumia ODF, ile aina yake yenyewe. Bonyeza ile yenye neno PowerPoint. Wengi wanabonyeza ile nyingine, kwa sababu wanaliona onyo wanaogopa, na wanaishia walikoanzia. Kama kila unachotengeneza kinaishia kwenye projekta ya mtu mwenye PowerPoint, maliza jambo hili mara moja: "Tools", "Options", "Load/Save", "General", chagua aina ya hati iwe presentation, na kwenye "Always save as" weka PowerPoint.

Aina ya .pptx ilikuja na Office ya mwaka 2007. Kabla ya hapo ilikuwa .ppt, bila x. Bado nakutana na kumbi zenye kompyuta ya zamani sana pembeni ya projekta, lakini sishauri mtu kuhifadhi .ppt siku hizi kwa kuogopa kompyuta hiyo. Beba PDF. Impress inaitoa kupitia "File" na "Export As", PowerPoint kupitia F12 na kuchagua PDF kwenye aina ya faili. PDF haina mbwembwe za slaidi kuingia zikizunguka, lakini maandishi yanakaa pale ulipoyaweka, na inafunguka hata kwenye simu. Yule mama alihutubia kwa PDF. Kijana alipotutumia ya pili kutoka Tukuyu, ilikuwa imenyooka.

Maandishi yakisogea kidogo tu huku mengine yote yakiwa sawa, sababu huwa ni fonti. Kompyuta ya pili haina fonti uliyotumia, imeweka ya karibu nayo. LibreOffice kwa mfano inaweka Carlito pale penye Calibri, na hizo mbili zimetengenezwa ziwe na upana sawa, kwa hiyo hutaona tofauti kubwa. Fonti za mapambo ulizopakua mtandaoni ndizo zinazoleta balaa.

Video ikigoma kucheza wakati slaidi ziko sawa, huenda haimo ndani ya faili. Iliunganishwa tu, na flashi iliyokuwa E nyumbani imekuwa F ukumbini. Weka video na slaidi kwenye folda moja kabla ya kuziunganisha, au ingiza video upya bila kuchagua "Link".

"Ninachofungua ni cha jana"

Mafaili mawili, jina moja. Angalia tarehe na saa ya kila moja, si siku tu. Kivinjari kikipakua faili lenye jina lililopo kinaongeza (1), kisha (2), na mtu anahariri la (1) halafu anatuma lile lisilo na namba.

Kwenye Drive jambo hili limejificha zaidi. Ukipakia .pptx na kuifungua kwenye Slides, utaona alama ya .PPTX pembeni ya jina. Bado unahariri faili lilelile. Ukichagua "Save as Google Slides", linazaliwa faili la pili. Wenzako wa kundi wanaendelea kuandika kwenye la kwanza, wewe kwenye la pili, na siku ya kuwasilisha kila mmoja anaapa alimaliza sehemu yake. Kuna vijana wanne wa chuo, mabinti wawili na wavulana wawili, walitaka kugombana hapa kaunta mpaka nilipowaonyesha hizo alama mbili. Kila mmoja alikuwa anasema kweli.

"Inakataa kabisa kuhifadhi"

Soma jina uliloandika. Windows haikubali alama hizi kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > |. Inayotuumiza sisi ni ule mkwaju (/), kwa sababu ya tarehe. Unaandika Semina ya chai 12/7/2025, kompyuta inaona unataka folda iitwayo "Semina ya chai 12" na ndani yake nyingine iitwayo "7", inasema njia hiyo haipo. Andika 2025-07-12, faida yake ya ziada ni kwamba mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Nukta mbili nayo inaletwa na vichwa vya aina ya "Sura ya 1: Utangulizi". Kwa wanaouliza, ng'ombe anaruhusiwa na ritifaa yake.

Jina likiwa safi na bado inagoma, jaribu kuhifadhi kwenye desktopu. Ikikubali, tatizo ni folda au flashi: flashi imejaa, au kadi ya kumbukumbu ina kile kiswichi cha pembeni kilichosukumwa upande wa kufuli. Ikisema faili halipatikani wakati ndiyo kwanza unalitengeneza, na kompyuta ni ya Windows 10 au 11, shuku kinga dhidi ya virusi vya kuteka mafaili. Ikiwashwa, inazuia programu isiyoitambua kuandika ndani ya Documents, na programu hiyo masikini haijui kuelezea kilichoipata. Ingia Windows Security, sehemu ya "Ransomware protection", uiruhusu programu yako kwa jina. Usiizime kinga nzima.

Umeme ukikatika katikati ya kazi

Usikate tamaa mapema. PowerPoint na Impress zote huandika nakala ya uokozi kila baada ya dakika 10 zikiwa kwenye mpangilio wake wa kawaida. Mimi nimeshusha hadi 2, maana kipindi cha mvua umeme wa huku una tabia zake. Umeme ukirudi, fungua programu yenyewe kwanza, usibofye faili. Impress itakuletea orodha ya kuokoa. Kubali, usibonyeze ile ya kutupa kwa haraka ya kutaka kuendelea. Kwenye PowerPoint, kama halikuwahi kuhifadhiwa hata mara moja, pitia "File", "Info", "Manage Presentation", kisha "Recover Unsaved Presentations". Ukilipata, lihifadhi palepale kwa jina jipya, maana ulipolikuta ni mahali pa muda.

Kwenye simu na kwenye maabara ya chuo

Wanaotengeneza slaidi kwa simu ni wengi kuliko mnavyodhani, na wengi wanatumia WPS. Kosa lao ni moja: wanahifadhi kwenye akaunti ya wingu ya WPS bila kujua, wanakuja kwangu na waya wa USB, wanaunganisha simu na kompyuta, hawaoni kitu. Wakati wa kuhifadhi chagua hifadhi ya simu, folda ya Documents au Download, na aina iwe .pptx. Slaidi zilizoingia kwa WhatsApp kwenye Android zinakaa ndani zaidi: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Documents. Mkitumiana, tumeni kama hati. Kuna mtu alinitumia slaidi kumi na nane kama picha kumi na nane za skrini, akataka nirekebishe tahajia.

Kompyuta za maabara ni habari nyingine. Nyingi zimewekewa programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa kila inapowashwa upya, ili msimamizi asihangaike na virusi vya watu mia mbili. Ulichoweka kwenye desktopu saa kumi jioni, kesho asubuhi hakipo, na hakuna orodha ya karibuni wala utafutaji utakaokirudisha. Kijana aliyekuja juzi na kisa hicho nilimuuliza kitu kimoja tu: kabla ya kuondoka ulikuwa umemtumia mtu yeyote? Akafikiri, akatoa simu. Alikuwa amemtumia dada yake aliye Iringa amsomee Kiingereza chake. Slaidi zilikuwa kwenye mazungumzo yao, juu kidogo ya picha ya mtoto.